Barua taka zimefurika baada ya kupandisha toleo la seva

Mwuliza swali, Kizingo

Assalam aleikum. Ninasimamia seva ya barua pepe ya ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Ijumaa iliyopita niliihamisha kutoka mashine ya zamani yenye mfumo endeshi wa Debian 11 hadi mashine mpya yenye Debian 12, na SpamAssassin, programu ya kuchuja barua taka, nayo ikapanda kutoka 3.4 hadi 4.0. Barua zinaingia na kutoka bila shida, ila tangu Jumatatu makarani wananipigia simu mfululizo kwa sababu ankara za bandia, notisi za makontena wasiyoyajua na matangazo ya dawa za nguvu za kiume yote yanawafikia. Huduma yake ya spamd inafanya kazi, na kila barua inapewa alama, kubwa zaidi kadiri inavyofanana na taka. Lakini ankara ya bandia ambayo zamani ingepata 8 sasa inapata 1.3, nacho kiwango chetu cha kuzuia ni 5. Je, nikishushe?

Fundi wa Likoni

Wa aleikum salaam. Sisi tulishusha hadi 3 na tukapumua.

Mkongwe, Mji wa Kale

Mkipumua leo, kesho mtaanza kutafuta barua za wateja zilizopotea, kwani ankara halali ya meli na ile ya bandia hufanana mno. Ndugu wa Kizingo, usiguse kiwango kwanza. Fungua chanzo cha barua moja iliyopenya, usome mstari wa X-Spam-Status, ulioandikwa na kichujio, hadi mwisho, kisha utuambie ni vipimo gani vimetajwa.

Mwuliza swali, Kizingo

Maalim, mwishoni pameandikwa URIBL_BLOCKED, wala sioni popote neno linaloanza na BAYES.

Mkongwe, Mji wa Kale

Basi kichujio chako kinafanya kazi kikiwa kimefumbwa macho yote mawili. Hilo URIBL_BLOCKED halimaanishi kwamba barua imezuiwa, ingawa jina lake huwapotosha wengi. Maana yake ni kwamba orodha ya tovuti chafu imekataa kukujibu wewe. Orodha hizi hutoa huduma bure kwa wenye maswali machache, na humhesabu muulizaji kwa anwani ya seva ya DNS (ile inayotafuta majina ya mtandao) anayoitumia. Nadhani mashine mpya inauliza kupitia 8.8.8.8, anwani inayotumiwa na umma wa dunia nzima, hivyo mgao wake huwa umekwisha kabla hujafika. Spamhaus, wenye orodha nyingine ya aina hiyo, nao huwakataa wanaopitia njia hiyo. Sakinisha Unbound, programu ya DNS, kwenye seva yenyewe, uiache iulize moja kwa moja bila kupitisha maswali kwa mwingine, kisha uelekeze faili la resolv.conf kwenye 127.0.0.1, yaani mashine hiyohiyo. Ukiamuru `dig 2.0.0.127.zen.spamhaus.org`, majibu yawe na 127.0.0.2, ukiona 127.255.255.254, ujue bado unapitia mlango wa umma.

Jicho la pili ni Bayes, yaani yale ambayo kichujio kilijifunza kutokana na barua zenu wenyewe. Hakitoi hukumu kabla ya kusoma barua taka 200 na barua safi 200, na wewe bila shaka uliacha hifadhidata yake kwenye mashine ya zamani. Tumia `sa-learn --backup` kule na `sa-learn --restore` huku, lakini uifanye kwa jina la mtumiaji anayeendesha kichujio, si kwa root, msimamizi mkuu wa mashine. Mimi mwenyewe niliwahi kumfundisha root barua taka kwa wiki nzima, huku kichujio kikisoma daftari jingine lililo tupu.

Mwuliza swali, Kizingo

Shukrani, Maalim. DNS ilikuwa 8.8.8.8 kama ulivyosema, na `sa-learn --dump magic` ilionyesha nspam 0, yaani hakuna barua taka iliyosomwa. Nimesakinisha Unbound jana jioni na kurejesha Bayes. Asubuhi hii ankara ya aina ileile imepata 9.2, ikiwa na BAYES_99, yaani Bayes ina hakika kuwa ni taka. Kiwango kimebaki 5. Karani mmoja tu amepiga simu, na alikuwa akiulizia wino wa printa.