Dozi ya klorini inabadilika yenyewe usiku, naombeni ushauri

Zamu_Tatu
Wakuu, habari za jioni. Nafanya kazi kwenye mtambo wa kusafisha maji wa mji mmoja Kanda ya Ziwa, jina mnisamehe silitaji. Juzi usiku nikiwa zamu nimeona mshale wa mausi unatembea kwenye skrini ya SKADA, ule mfumo wa kuendesha mtambo kwa kompyuta, na mimi mausi sijaigusa. Ukaenda hadi ukurasa wa dozi, pampu ya klorini ikatolewa asilimia 35 ikawekwa 90, ukurasa ukafungwa. Nikairudisha 35 hapo hapo. Nikachota maji bomba la sampuli nikatia kidonge cha DPD cha kupimia klorini, yakawa ya waridi iliyokolea kupita siku zote. Baada ya muda rangi ikarudi kawaida. Hakuna aliyedhurika.

Kompyuta ni Windows 7. Naomba kujua tu antivirusi gani haitailemea mashine ya zamani. Jumamosi nina mpango wa kuifomati nianze upya.

Kibodi_Kavu
Paka huyo. Ofisini kwetu yupo mmoja, akilala juu ya kibodi anatuma hadi barua pepe.

Mama_Sauda
Pole mwanangu. Shukuru Mungu ulikuwa macho. Marehemu mume wangu alikaa kiwanda cha sukari miaka mingi, alikuwa anasema zamu ya usiku nusu ya watu wanatandika maboksi wanalala. Maji tunawapa watoto wachanga jamani, hiyo si kazi ya kusinzia.

Mzee_wa_Relei
Antivirusi iache kwanza. Hiyo kompyuta inapataje intaneti?

Zamu_Tatu
Haina intaneti mkuu. Ipo yenyewe na PLC, kile kifaa kinachoamuru pampu, basi.

Mzee_wa_Relei
Basi aliyesogeza mshale alikuwa amekaa chumba gani? Fungua kabati la PLC, fuata kila waya wa mtandao hadi mwisho wake, halafu urudi hapa.

Zamu_Tatu
Sawa. Nyuma ya kabati kuna ruta ndogo ya laini ya simu. Niliiweka mimi mwaka jana, pamoja na programu ya kuingilia kompyuta ukiwa mbali. Sikuitaja kwa sababu sioni kama ndiyo tatizo, ina nywila. Meneja hajui. Lakini nieleweni na nyie: mtambo uko mbali na mjini, kengele inalia saa nane usiku, mara nyingi ni kihisi tu kimeshika tope. Kila mara nipande bodaboda gizani? Tangu niiweke, tangi halijawahi kukauka. Nywila nimeshabadilisha, nadhani hapo nimemaliza.

Dada_Maskati
Kaka yangu, mimi nipo Oman, kiwanda cha kutoa chumvi kwenye maji ya bahari. Kwetu hata fleshi ya mgeni haichomekwi mpaka ipitie mashine maalum ya ukaguzi. Mwanzoni nililia na sheria zao, fundi wa pampu anasimama getini wakati kazi inasubiri. Siku hizi nawaelewa. Hiyo laini yako ina anwani ya kudumu ya intaneti?

Zamu_Tatu
Ndiyo, nililipia. Bila hiyo simu ilikuwa haiioni ruta.

Dada_Maskati
Basi na dunia nzima inaiona. Kuna Shodan, mtambo wa kutafutia vifaa vilivyo wazi mtandaoni, mtu anaandika aina ya kifaa anapewa orodha. Novemba 2023 kituo cha maji Aliquippa, Pennsylvania, kiliingiliwa kupitia intaneti. PLC zao za Unitronics zilikuwa mtandaoni, na nywila ya kiwandani ya vifaa hivyo ilikuwa 1111. Walichofanya ni kuhamia kuendesha kwa mkono.

Mpenda_Haki
Vijana mnapenda kazi za kubonyeza kitandani. Umeweka kifaa kwenye mali ya umma bila ruhusa, sasa unatafuta antivirusi ya kukufichia. Isome Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Ukifomati hiyo kompyuta, ushahidi umeufuta kwa mikono yako mwenyewe.

Zamu_Tatu
Sifichi kitu. Nataka tu mtambo uwe salama kabla sijapeleka habari juu. Nikienda na tatizo bila suluhisho, nitakayefukuzwa ni mimi.

Macho_Mawili
Wakuu mnapigwa kamba. Hii ni habari ya mtambo wa maji wa Oldsmar, Florida, Februari 2021, imevalishwa kanzu. Kule nako mshale ulitembea wenyewe, kostiki, dawa ya kupunguza asidi ya maji, ikapandishwa kutoka sehemu 100 hadi 11,100 kwa milioni, mhudumu akaona akarudisha. Huyu kabadilisha kostiki kaweka klorini.

Kibodi_Kavu
Nilijua! Rudisha muda wetu.

Dada_Maskati
Macho_Mawili, na hiyo Oldsmar yenyewe ilikuja kutiliwa shaka. Mwaka 2023 aliyekuwa meneja wa mji alisema huenda ni mfanyakazi wao tu alikosea, na FBI ilisema haikuweza kuthibitisha kwamba kuna mtu aliingia kutoka nje. Ila mshale kutembea si jambo la Florida peke yake. Tarehe 23 Desemba 2015 wahudumu wa umeme Ukraine waliangalia mshale ukifungua swichi mbele ya macho yao, wateja kama 225,000 wakabaki gizani. Wakapona kwa saa chache kwa sababu mafundi walikimbilia vituoni kufunga swichi kwa mikono. Kwa hiyo mwenye uzi atuonyeshe kitu. SKADA inatunza orodha ya matukio, dozi ilibadilishwa kwa jina gani?

Zamu_Tatu
Sina sababu ya kutunga. Nimeangalia sasa hivi. Jina lililoingia ni "fundi". Hiyo ni akaunti ya kijana wa kampuni iliyotufungia mfumo. Aliondoka kwa ugomvi wa malipo. Ruta aliijua, alinisaidia kuipanga. Lakini ni mtu mwema, siamini ni yeye, na sitaki kumchafulia jina.

Macho_Mawili
Hapo naondoa maneno yangu. Mtunzi wa hadithi angemtaja fundi mwanzoni.

Mpenda_Haki
Huyo huyo! Kamata!

Mzee_wa_Relei
Taratibu. "Fundi" ni jina la akaunti, anayeijua nywila yake anaweza kuwa yeyote. Lakini mambo haya yametokea. Mwaka 2000 huko Maroochy, Queensland, mtu aliyewahi kufanya kazi kwa mkandarasi wa mfumo wa majitaka aliomba kazi halmashauri akanyimwa. Akawa anatuma amri kwenye vituo vya pampu kwa redio na laptopu. Lita 800,000 za majitaka ziliingia mitoni na kwenye bustani. Akafungwa miaka miwili.

Sasa wewe sikiliza. Nenda kwenye paneli, pampu ya dozi uitoe oto uiweke mkono. Chomoa waya wa ruta, lakini kompyuta usiizime, maana vilivyo kwenye kumbukumbu yake ya muda (RAM) vitapotea. Piga picha orodha yote ya matukio kwa simu. Kama PLC ina swichi ya ufunguo, itoe REMOTE iwe RUN, ufunguo ukae kwa meneja. Saudi Arabia 2017 walioshambulia mfumo wa usalama wa kiwanda cha petroli walikuta ufunguo umeachwa PROGRAM, hali inayoruhusu programu kubadilishwa. Ila ujue ufunguo unazuia programu kubadilishwa, namba ya dozi bado inaweza kuandikwa kupitia mtandao. Modbus, lugha ambayo vifaa kama hivi huongea, ilitengenezwa 1979, haiulizi wewe ni nani. Ndiyo maana nimeanza na paneli.

Halafu nenda kwenye pampu yenyewe, kile kitasa cha kurekebisha stroko, yaani urefu wa msukumo wa pampu. Kikaze mahali ambapo hata skrini ikiandika 100, klorini haifiki kiwango cha kudhuru. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 5 kwa lita. Kitasa cha chuma hakuna anayekizungusha kutoka mtandaoni.

Mama_Sauda
Huyu mzee Mungu amuweke.

Zamu_Tatu
Ruta nimechomoa, pampu ipo mkono, nimepima tena, rangi ni ya kawaida. Ila Jumatatu nitairudisha, nikifuta akaunti ya fundi. Usiku siwezi kukaa kipofu.

Dada_Maskati
Usiirudishe hivyo. Kama kuingia kwa mbali ni lazima, iombe kwa maandishi: VPN (njia ya siri ndani ya intaneti) yenye uthibitisho wa hatua mbili, kila mtu na akaunti yake, na waya uchomekwe pale tu zamu inapopigiwa simu na kukubali. Na kihisi chenye tope kisafishwe, kengele za uongo ndizo zilizokufikisha hapa. Tukio lipelekeni TZ-CERT, kitengo cha taifa cha dharura za mtandao, wapo chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Mzee_wa_Relei
Swali la mwisho. Hatujui kama aliyeingia aligusa dozi tu au na programu ya PLC. Inabidi kulinganisha iliyomo sasa na nakala safi. Nakala mnayo?

Zamu_Tatu
Ipo kwenye laptopu ya yule fundi.

Mzee_wa_Relei
Mpigie meneja usiku huu huu. Usingoje Jumatatu.

Zamu_Tatu
Napiga. Simu inaita.