Kikomo cha wanafunzi wa kigeni Canada: chuo kibanwe, au kibali?

MshauriKidatoSita

Habari zenu wakuu. Tangu Canada iweke kikomo cha vibali vya masomo mwaka 2024, wazazi wa vijana waliomaliza kidato cha sita wanarudi na swali lile lile: chuo kimemkubali mtoto, kibali kimekataliwa, sasa kosa ni la nani?

Naomba wenye ujuzi wa udahili na vibali watusaidie kwa mambo mawili. Kwanza, je, ni sawa serikali kuvipangia vyuo vikuu idadi ya wageni? Pili, anayeomba kwa muhula wa Septemba apite njia ipi ili nafasi yake isipotee kwa kosa la karatasi? Tafadhali tarehe na viwango, "nasikia" zimetosha.

DawatiLaUdahili

Mkuu, kwanza tunyooshe jambo moja maana mjadala mwingi unapotelea hapo. Ottawa, yaani serikali kuu ya Canada, haikukiambia chuo chochote kidahili watu wangapi. Chuo kinaweza kutoa barua za udahili kadiri kipendavyo. Kilichobanwa ni kibali.

Tarehe 22 Januari 2024 Marc Miller, waziri wa uhamiaji wa wakati huo, alitangaza kwamba mwaka ule vibali vitakavyoidhinishwa vitakuwa kama 360,000, pungufu ya mwaka 2023 kwa asilimia 35. Nafasi ziligawiwa majimbo kwa kufuata idadi ya watu wao, na kila jimbo likagawia vyuo vyake. Ontario, iliyokuwa na zaidi ya nusu ya wanafunzi wote wa kigeni nchini, ilipewa nafasi 235,000. British Columbia ilipata 83,000.

Sasa hizo nafasi ni za *maombi*, na hapo ndipo wazazi wanapoumia bila kujua. Serikali ilikisia ni maombi mangapi yatakataliwa, ikapanga hesabu kwa mtindo huo. Ombi lililoandaliwa ovyo likikataliwa limeshakula nafasi ya mwingine. Ndiyo maana vyuo siku hizi vinachuja kabla ya kutoa barua ya uthibitisho ya jimbo, ile inayoitwa PAL, inayoonyesha kwamba ombi limepewa nafasi kwenye mgao wa jimbo.

Kuhusu swali lako la kwanza, kikomo naona kina haki, ila kilikaa mahali pasipofaa. Mwaka 2023 nyumba za kupanga zilizokuwa wazi Canada zilishuka hadi asilimia 1.5. Ukimwita kijana kutoka Mwanza au Kisumu aje asome mahali ambapo chumba hakipatikani, unamdhulumu. Lakini kipimo kingekuwa vitanda na walimu wa kila chuo. Mgao wa jimbo zima unamweka mwenye mabweni tayari kwenye foleni moja na yule ambaye hajajenga hata chumba.

MhasibuWaVyuo

Naongezea upande wa fedha, maana bila huo hatutaelewa kwa nini vyuo vilidahili kwa kasi ile.

Mwaka 2019 Ontario ilipunguza ada ya wanafunzi wa ndani kwa asilimia 10, kisha ikaigandisha hapo. Ruzuku haikufidia pengo. Ada ya mgeni haikugandishwa. Katika mwaka wa masomo 2024/25 wastani wa ada ya shahada ya kwanza Canada ulikuwa dola 7,360 kwa raia, na zaidi ya dola 40,000 kwa mgeni (ni dola za Canada hizo). Mgeni mmoja ana thamani ya wenyeji watano na zaidi katika daftari la mapato. Mkaguzi mkuu wa Ontario alishaonya mwaka 2021: katika vyuo vya kati vya umma, wageni walikuwa asilimia 30 ya wanafunzi lakini wakilipa asilimia 68 ya ada yote.

Kwa hiyo kikomo kilipokuja, kilichokatika kilikuwa mshahara wa mwalimu. Kuanzia mwisho wa 2024 vyuo vya kati vya Ontario vilisimamisha programu kwa makumi na kupunguza watumishi, na baadhi ya programu hizo zilikuwa na wanafunzi wenyeji pia. Hili linaniuma, kwa sababu waliopitisha ugandishaji wa ada walijua pengo litazibwa na nani.

Msimamo wangu: ukitaka kuweka kikomo, tangaza kwanza nani atalipa tofauti, na ukitangaze miaka mitatu kabla. Kutangaza Januari kwa ajili ya Septemba hiyo hiyo ni kuvunja bajeti ambayo bodi ya chuo imeshaipitisha.

MtetaMwanafunzi

Mhasibu, hapo naomba tutofautiane. Tusivifanye vyuo vionekane vimeonewa tu.

Vipo vyuo vya umma vya miji ya mbali vilivyokodisha mtaala wao kwa vyuo binafsi vya eneo la Toronto. Mwanafunzi analipa ada, anasomea ghorofani kwenye jengo la ofisi, hajawahi kuiona kampasi ambayo jina lake limo kwenye cheti. Wengi walivutwa na kibali cha kazi baada ya masomo. Wanaoanza programu za namna hiyo kuanzia tarehe 15 Mei 2024 hawapati tena kibali hicho. Hatua ile moja, kwa maoni yangu, ilifanya kazi nzuri kuliko kikomo chenyewe, maana ililenga pale palipooza.

Vyuo vikuu vilikuwa na wageni kwa kiasi cha kuvumilika ukilinganisha na vyuo vya kati. Lakini mwaka 2025 wanafunzi wa uzamili na uzamivu, ambao awali hawakuguswa, nao wakaingizwa kwenye mgao. Tangu tarehe 1 Januari 2026 wametolewa tena, mradi wanasoma chuo cha umma. Yaani waliadhibiwa mwaka mzima kwa kosa la watu wengine.

DawatiLaUdahili

Hapo kwenye uzamili nakuunga mkono. Sasa turudi kwenye swali la pili la mshauri, maana ndilo linalogusa watu wetu.

Hakikisha chuo kina namba ya DLI (namba ya chuo kilichoidhinishwa kupokea wageni) kwenye orodha ya serikali, na uangalie kwenye orodha hiyo hiyo kama programu inaruhusu kibali cha kazi baadaye. Mambo haya mawili hayafanani. Barua ya udahili ikitoka, idara ya uhamiaji inaihakiki kwa chuo chenyewe, na chuo kina siku 10 za kujibu. Huu utaratibu ulianza Desemba 2023 baada ya kashfa ya barua bandia, na wakala anayekuahidi barua ya haraka hawezi kuupita.

PAL haiombwi jimboni. Chuo ndicho kinachokupa, mara nyingi baada ya kulipa kianzio. Ikifika, ifungue na pasi yako ya kusafiria pembeni, ulinganishe jina herufi kwa herufi. Kama pasi ina majina matatu na PAL ina mawili, rudisha chuoni irekebishwe kabla hujatuma. Tazama pia mwisho wa muda wake. Ombi lisilo na PAL linarudishwa bila kusomwa. Hilo si kukataliwa, lakini wiki zimekwenda. Quebec wana cheti chao cha kazi hiyo, CAQ.

Fedha ndipo wengi wanapoanguka. Hadi mwisho wa 2023 kiwango cha kujikimu kwa mwaka kilikuwa dola 10,000 za Canada. Kikapanda hadi 20,635, na tangu tarehe 1 Septemba 2025 ni 22,895 kwa mtu mmoja nje ya Quebec. Hicho *hakijumuishi* ada ya mwaka wa kwanza wala nauli. Taarifa za benki ziwe za miezi minne iliyopita. Afisa akiona akaunti ilikuwa na shilingi laki mbili mwezi mzima, halafu siku moja ikaingia milioni arobaini, atauliza zimetoka wapi. Kama kiwanja kimeuzwa, weka mkataba wa mauzo, na jina la muuzaji lilingane na la mdhamini. Hati ya nyumba peke yake haitoshi, maana si fedha unayoweza kuitoa kesho ukalipa kodi ya chumba.

Ada ya ombi ni dola 150, alama za vidole dola 85. Ukipata barua ya alama za vidole una siku 30. Vituo vipo Dar es Salaam na Nairobi. Kipimo cha afya kifanywe na daktari aliyeidhinishwa na Canada, cha mwingine hakipokelewi.

Mwisho ni barua ya maelezo ya masomo. Aliyesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) akiomba stashahada ya ukarimu bila kueleza kwa nini, anampa afisa sababu ya kukataa. Ukurasa mmoja na nusu unatosha: ulichosoma, kwa nini programu hii, kwa nini haipatikani nyumbani kwa kiwango hicho, na utaitumia wapi ukirudi.

MshauriKidatoSita

Shukrani sana wakuu. Swali dogo: mzazi anaambiwa mtoto atafanya kazi na kujilipia ada. Inawezekana?

MtetaMwanafunzi

Haiwezekani, mshauri, na mwambie mzazi mapema. Wakati wa masomo kikomo ni saa 24 kwa wiki nje ya chuo. Hizo zinasaidia chakula na sehemu ya pango. Ada ya 40,000 hazifiki.

Na kuhusu kazi baada ya masomo: aliyeomba kibali cha masomo tangu Novemba 2024 kwa programu isiyo ya shahada, lazima iwe kwenye fani zilizoorodheshwa. Wa shahada hawahusiki na orodha hiyo. Wote wanahitaji mtihani wa lugha. Mwenye shahada ya chuo kikuu anatakiwa ngazi ya 7 ya kipimo cha lugha cha Canada, ambayo kwa IELTS (mtihani wa Kiingereza) ni 6.0 katika kila moja ya sehemu nne. Iwe IELTS ya General. Ile ya Academic aliyoombea chuo haipokelewi hapo, na matokeo yasizidi miaka miwili. Kwa hiyo atenge ada ya mtihani wa pili katika mwaka wake wa mwisho.

Akihama chuo katikati, aombe kibali kipya kabla hajaanza kusoma huko. Zamani ilikuwa kutoa taarifa tu mtandaoni. Tangu Novemba 2024 si hivyo tena.