Naomba ushauri: mwisho wa Joker (2019) niuelezeje?

Binti Pangani (mwanzisha uzi)
Habari za jioni, wakuu. Wiki ijayo nitaongoza mjadala wa filamu chuoni kwetu, nami nimechagua Joker ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Todd Phillips. Kinachonitatiza ni dakika zake za mwisho. Arthur Fleck, mhusika mkuu anayegeuka kuwa Joker, yumo katika chumba cheupe cha Arkham, hospitali ya wagonjwa wa akili, anacheka mbele ya daktari, na anapoulizwa kinachomchekesha anajibu kwamba daktari hataelewa. Kisha tunamwona akitembea kwenye korido huku nyayo zake zikiacha alama za damu, kana kwamba amemuua daktari. Baadhi ya wenzangu wanashikilia kwamba filamu nzima ni hadithi aliyoitunga akiwa ndani ya chumba hicho. Je, niutetee msimamo huo au niuache?

Kiti cha Nyuma
Dada, wenzako hawajakurupuka. Mapema kabisa, Arthur akiwa kwa ofisa ustawi wa jamii, inapita picha ya ghafla akigonga kichwa kwenye mlango wa chumba cheupe, na saa ya ukutani inasoma 11:11 kote kuwili. Zaidi ya hapo, anapocheka mwishoni tunaonyeshwa mtoto Bruce Wayne amesimama uchochoroni kando ya maiti za wazazi wake. Arthur hakuwapo pale. Usiku ule wafuasi wake walikuwa wakimtoa katika gari la polisi lililogongwa. Basi picha hiyo imetoka kichwani mwa nani?

Mwanamvua
Swali ni zuri, ila filamu hii ina desturi yake: Arthur anapojidanganya, inarudi nyuma na kufichua. Mapenzi yake na jirani yake Sophie tuliyaamini hadi siku alipoingia kwa mwanamke huyo bila kubisha hodi, naye akashtuka. Hapo tukarudishwa kwenye matukio yaleyale na kumkuta Arthur peke yake. Mwongozaji aliyejisumbua kufichua njozi moja namna ile hangeiacha njozi ya filamu nzima itegemee saa ya ukutani. Picha ya Bruce mimi naichukua kuwa kejeli iliyoelekezwa kwetu, tunaojua kwamba mtoto yule atakuwa Batman.

Kiti cha Nyuma
Hujagusa damu ya kwenye korido.

Mzee wa Pazia
Hiyo damu ndiyo inayonifanya nisikubaliane na yeyote kati yenu moja kwa moja. Katika mwendelezo wa mwaka 2024, Arthur anashtakiwa kwa mauaji ya watu watano, na Sophie mwenyewe anafika mahakamani kutoa ushahidi. Kwa hiyo matukio makuu ya filamu ya kwanza yalitokea. Hata hivyo, daktari wa onyesho la mwisho hayumo katika hesabu hiyo. Yawezekana basi kwamba kilichobuniwa ni kile kifo cha mwisho peke yake, na yaliyotangulia ni kweli. Lakini nakushauri, binti yangu, usiufanye mwendelezo kuwa hakimu, kwa kuwa watazamaji wa 2019 waliachiwa swali lisilo na jibu na ndilo unalopaswa kulijadili. Mhusika huyu ana historia ya namna hiyo: katika The Killing Joke, kitabu cha katuni cha Batman na Joker cha Alan Moore na Brian Bolland kilichotoka mwaka 1988, anasema kwamba maisha yake ya nyuma huyakumbuka mara hivi, mara vile. Anza kwa kuwaonyesha wanafunzi tukio la Sophie, kisha dakika za mwisho, na umtake kila anayesema ni njozi akuonyeshe mahali filamu ilipofichua.

Binti Pangani
Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Nitafuata mpangilio huo, na msimamo wa filamu nzima kuwa njozi sitautetea. Picha ya Bruce nitaiweka mwisho, kwa sababu hoja ya Mwanamvua imenivutia bila kunitosheleza.

Kiti cha Nyuma
Hata mimi haijanitosheleza. Ukimaliza mjadala, rudi utuambie waliichukuliaje.