Kukausha hewa ya chumba: mashine ya kompresa, ya zeolaiti au AC inatosha?

kivulini: Wakuu naombeni ushauri, chumba cha kulala kinanuka uvundo, nguo kabatini zinaota kuvu na asubuhi kioo cha dirisha kinachuruzika maji. Naona kuna mashine za kukausha hewa za aina mbili, ya kompresa na ya zeolaiti (madini yanayonyonya unyevu), wengine wanasema washa AC tu. Ipi inafaa?

FundiHewa: Mkuu anza na kipima unyevu. Kikikaa juu ya asilimia 60 muda mrefu kuvu lazima ije, lenga 30 mpaka 50, chini ya 50 hata wadudu wa vumbi wanaowasumbua wenye pumu hawastawi. Ya kompresa inafanya kazi kama friji, feni inavuta hewa inaipitisha kwenye koili ya baridi, mvuke unageuka matone yanadondokea kwenye tanki, halafu hewa hiyohiyo inapita koili ya moto ndo inarudi chumbani. Kwa hiyo usitegemee ipoze, joto linapanda kidogo.

bi_mwangaza: Naongezea hapo kwa Fundi. Kompresa inataka chumba chenye joto, ukishuka chini ya nyuzi 15 hivi koili inaganda barafu, mashine inasimamasimama kuyeyusha na maji unayopata ni kiduchu. Ya zeolaiti ina gurudumu linalozunguka polepole likinyonya unyevu na hita inalikausha upande wa pili, inapiga kazi hata kwenye ubaridi mkali, ila umeme inakula haswa. Chumba cha joto achana nayo.

mdadisi07: Na AC je? Na vile vikopo vya kuweka kabatini?

FundiHewa: AC inakausha kweli, ila chumba kikishapoa kompresa inazima na unyevu unapanda tena. Vikopo ni kalsiamu kloraidi, kabatini sawa, chumba kizima havifui dafu.

Tanki_Limejaa: Lita za kwenye boksi msiziamini kirahisi jamani!! Nyingi zimepimwa kwenye nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, weka chumba cha nyuzi 20 na asilimia 60 uone zinavyoshuka, nusu au chini ya hapo.

kivulini: Nimepata kipimo, usiku kinasoma 72 na joto 24. Lakini mbona dirishani tu ndo kuna maji?

bi_mwangaza: Kwa sababu kioo ndo sehemu ya baridi kuliko zote humo ndani. Hewa ya nyuzi 25 inabeba mpaka gramu 23 hivi za maji kwa mita moja ya ujazo, ya nyuzi 10 inabeba kama 9 tu, sasa inayogusa kioo inapoa na kinachozidi kinabaki pale. Kwa 24 chukua ya kompresa ndugu yangu. Ikiwaka funga madirisha, usiibane ukutani, kichujio kisafishwe, na kama unaanika nguo humo chumbani acha kwanza, maji yote yanayotoka kwenye nguo unayavuta wewe mwenyewe.

kivulini: Naanika humohumo kila siku, nahamishia nje leo. Fundi, tanki likijaa usiku inajizima?

FundiHewa: Nyingi zinajizima zenyewe. Ukichoka kumwaga, tafuta yenye tundu la mpira wa maji, uuelekeze kwenye mfereji.