Mama kaandikiwa dawa za goti za siku saba tu, na famasi wamemtafuta kwenye kompyuta. Hii sheria ni ya nani?

Zawadi_Kigoma:
Habari zenu ndugu. Nawaomba hasa mlioko Missouri mnisaidie.

Mama yangu kafanyiwa upasuaji wa goti hapa St. Louis. Tulitokea kambi ya Nyarugusu, Kiingereza chake ni kidogo, kwa hiyo kila anakokwenda mkalimani ni mimi. Daktari alimwandikia haidrokodoni, dawa kali ya maumivu inayoweza kuleta uraibu, ya siku saba. Tulipofika famasi, dada wa kaunta akasema lazima kwanza aangalie kwenye mfumo kama mama hajachukua dawa za aina hiyo kwingine. Mama aliona jina lake na tarehe ya kuzaliwa vinachapwa, akanyamaza kabisa. Tangu siku hiyo anasema serikali imemwandika pamoja na wala unga na uraia wake utakwama. Vidonge hataki kumeza, na mazoezi ya goti hafanyi kwa sababu ya maumivu.

Kuna jirani kaniambia sheria hii ilianzia kaunti, si jimbo. Sijaelewa. Kwetu halmashauri inatunga sheria ndogo za ushuru wa soko na usafi, siyo za dawa za hospitali. Nani hasa aliitaka hii sheria, na polisi wanaona nini humo?

BabaRehema_Louisville:
Pole kwa mama, dada. Huku Kentucky ni siku tatu kwa dawa kali kama hizo ukiwa na maumivu ya ghafla, tangu 2017, na daktari lazima akuangalie kwenye rejista kabla ya kukuandikia. Mimi waliniangalia nilipovunjika mkono. Mwambie mama ni kila mtu.

Mwajuma_wa_Famasi:
Zawadi mdogo wangu, shikamoo nyingi kwa mama. Mimi ni msaidizi wa mfamasia katika Kaunti ya St. Louis, na nilikuwa kwenye kazi hii kabla ya rejista na baada yake, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Jirani yako kasema kweli. Majimbo mengine yote yalikuwa na rejista ya kufuatilia dawa hizi, Missouri peke yake haikuwa nayo. Miaka nenda miaka rudi mswada ulipelekwa bunge la jimbo pale Jefferson City na kukwama. Aliyeupinga kwa nguvu zaidi alikuwa Seneta Rob Schaaf, naye ni daktari, akisema ni kuingilia siri za wagonjwa. Upande wa pili alikuwepo mbunge wa jimbo Holly Rehder wa Sikeston, ambaye binti yake mwenyewe aliingia kwenye uraibu akianzia vidonge vya hospitali. Mama huyo hakuchoka.

Sisi wa kaunta tulikuwa tunaona nini? Mtu anakuja na cheti cha daktari mmoja leo, kesho anakwenda famasi nyingine na cheti cha daktari mwingine. Illinois iko ng'ambo tu ya mto Mississippi, wao wana rejista, sisi hatuna. Ukimtazama machoni unajua huyu ana arosto, lakini huna pa kuhakikisha. Ukimnyima labda ana saratani. Ukimpa labda unamzika. Nilikuwa nikirudi nyumbani na mzigo huo kila wiki.

Basi kaunti haikusubiri. Machi 2016 baraza la Kaunti ya St. Louis lilipitisha sheria ndogo yake, na mwaka uliofuata rejista ikaanza kazi chini ya idara ya afya ya kaunti. Uzuri ni kwamba iliandikwa ili wengine wajiunge. Jiji la St. Louis likaingia (jiji na kaunti ni serikali mbili tofauti tangu 1876, usichanganye), St. Charles ikaingia, Kansas City na Kaunti ya Jackson huko magharibi nazo pia. Zilifika halmashauri zaidi ya 70, zikiwa na sehemu kubwa sana ya watu wa Missouri. Bunge la jimbo lilipokuja kukubali, Gavana Mike Parson akatia saini Juni 2021, kwa vitendo kaunti zilikuwa zimeshaifanya kazi hiyo. Mfumo wa jimbo ukachukua nafasi mwishoni mwa 2023. Hivyo alipochapiwa jina mama, ule ni wa jimbo, lakini mizizi yake ni Clayton, kwenye ukumbi wa baraza la kaunti.

Kuhusu hofu yake. Kila anayepewa dawa hizi anaandikwa, awe hakimu au mfagizi. Sheria ya 2021 inakataza taarifa za humo kuwa ndiyo sababu ya kuombea hati ya kumkamata mtu au kumpekua, na inakataza kuzitumia kumnyima mtu silaha. Kumeza dawa uliyoandikiwa na daktari wako siyo kosa. Kama bado ana wasiwasi na uraia, mwulize wakili wenu wa uhamiaji mbele yake, asikie kwa masikio yake.

Zile siku saba ni sheria nyingine, ya 2018, na ni kwa cheti cha kwanza cha maumivu ya ghafla. Daktari akiona haja anaruhusiwa kuandika zaidi, mradi aandike sababu kwenye faili. Kwa hiyo piga simu kabla hazijaisha. Na tafadhali, vidonge vingi vya haidrokodoni vina parasetamo ndani yake. Usimwongezee Tylenol, ambayo nayo ni parasetamo, bila kumwuliza mfamasia.

Selimundu_KC:
Dada Mwajuma nakuheshimu, ila hii habari ina upande mwingine. Nina selimundu (sikoseli), niko Kansas City. Maumivu yakinishika, mifupa inakuwa kama inasagwa. Nimekaa kwenye kiti cha dharura hospitali moja hapa natetemeka, muuguzi anasoma kwanza kompyuta, halafu ananiuliza mara ya mwisho nilimeza lini, kwa sauti ya mtu anayehoji mwizi. Ninachukua dawa nyingi kwa sababu ugonjwa wangu ni huo! Rejista inaonyesha idadi ya vidonge, maumivu haionyeshi. Halmashauri zilipokuwa zinapitisha, nani alitusemea sisi?

Mwajuma_wa_Famasi:
Kaka pole sana, na uko sahihi kulalamika. Madaktari wengi waliogopa wakawakatia wagonjwa dawa ghafla, mpaka FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikatoa onyo Aprili 2019 kwamba kukatisha ghafla kunaleta madhara makubwa, hata watu kujiua. Mwongozo mpya wa 2022 wa CDC, kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, unasema wazi kwamba hauhusu maumivu ya selimundu, ya saratani, wala tiba shufaa (huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa mahututi). Uchapishe ukurasa huo, uwe nao pamoja na barua ya daktari wako wa damu.

Bado ninaiunga mkono rejista. Nisichokubali ni halmashauri kudhani ikishakuwepo kazi imekwisha. Ukimfungia mtu vidonge bila kumfungulia mlango wa tiba, ataenda mtaani, na huko sasa ni fentanili, dawa kali zaidi inayoua upesi. Hilo nimeliona kwa wateja niliokuwa nawajua kwa majina. Mwaka huohuo wa 2016, miungano ya kitaifa ya kaunti na majiji ilisukuma sheria ya shirikisho ya uraibu na kupona, Obama akaitia saini Julai. Sasa kuna fedha za fidia pia, kwa madhara ya dawa hizi. Johnson & Johnson na wasambazaji watatu wakubwa wa dawa walikubali kulipa dola bilioni 26, na kaunti na majiji wana fungu lao. Ninataka liende kwenye methadoni na buprenofini, dawa za kutibu uraibu, na naloksoni, ya kumwokoa aliyezidisha dozi. Waliotoka Dar wanakumbuka kliniki ya methadoni ya Muhimbili ilivyoanza 2011. Tiba hii siyo ngeni kwetu.

Zawadi_Kigoma:
Asante sana dada Mwajuma, na wewe kaka wa Kansas City pole. Nimemsomea mama yote. Kauliza swali moja: vidonge vikibaki atavifanyia nini? Anataka kumtunzia shangazi ambaye mgongo unamsumbua.

Mwajuma_wa_Famasi:
Asimpe shangazi! Mwambie hivyo kwa herufi kubwa. Wengi walioharibikiwa na dawa hizi walizipata kwenye kabati la ndugu. Vituo vingi vya polisi na famasi zina sanduku la kurudishia, unatumbukiza na kuondoka, hakuna anayekuuliza jina. Kila Aprili na Oktoba kuna siku ya kitaifa ya kukusanya pia.

Na wewe ukipata nafasi, baraza la kaunti linakutana Clayton Jumanne jioni. Mwananchi anaruhusiwa kusema. Waulize fedha za fidia zimefikia wapi, na kwa nini karatasi za maelezo ya dawa hizi hazipo kwa Kiswahili. Nikiwa sina zamu nitakuja tukae pamoja.