Mrejesho: Tabaka jeupe chini ya tangi

Niliuliza kwa nini kimiminika changu cha kukamilishia kisima (maji mazito ya chumvi yanayojazwa katika kisima cha mafuta au gesi kinapoandaliwa kuanza uzalishaji), chenye msongamano wa gramu 1.65 kwa sentimita ya ujazo, kilikuwa angavu jioni lakini asubuhi kikakutwa na tabaka jeupe chini ya tangi. Mliosema kuwa ni fuwele za chumvi, wala si uchafu, mlikuwa sahihi. Kosa ni langu: ili kubana gharama, niliongeza kloridi kavu ya kalsiamu katika mmumunyo wa bromidi ya kalsiamu, msongamano ulipanda, lakini kiwango cha joto ambacho fuwele huanza kujitenga nacho kilipanda pia, na baridi ya usiku ikakifikia. Nilipasha tangi moto huku nikizungusha mmumunyo hadi fuwele zikayeyuka, kisha nikapunguza uwiano wa kloridi kwa kuongeza bromidi. Ushauri wa kutumia bromidi ya zinki sikuufuata: ni kweli chumvi hiyo hushusha kiwango hicho, lakini huongeza asidi na ulikaji wa vyuma. Baada ya kuchujwa kwa vichujio vya maikroni 2, kimiminika kimepita usiku wa pili bila ukungu. Sasa ninarekebisha hesabu ya msongamano, maana joto la kisimani hukitanua kimiminika na kupunguza msongamano wake.