Winga ana kesi kortini lakini mguu anao: tumsajili ama tuachane naye?

Nyanza_Usiku (Kisumu)

Wakuu habari za usiku. Niko na swali na naomba msome mpaka mwisho kabla mtu aanze kunitusi.

Mimi ni katibu wa timu hapa Kisumu, jina niache, tuko ligi ya kaunti na tunataka kupanda. Kuna winga wa Nyalenda, miaka 20, mguu wa kushoto, huyo kijana akipata mpira upande wake beki anaanza kurudi nyuma hata kabla hajaguswa. Kwetu hakuna hata mmoja anamkaribia. Shida ni moja, ako na kesi korti ya Winam ya kupiga mtu, yuko nje kwa bondi na bado haijaanza kusikizwa. Timu yenye alikuwa ilimwachilia ndio maana sisi tunampata bila kulipa kitu. Kocha anamtaka jana. Mweka hazina naye amesema siku huyo kijana atavaa jezi yetu ndio siku yeye ataweka vitabu vya hesabu mezani na aende kwake.

Sasa mimi hufuata futiboli ya Marekani, ile ya kuvaa helmeti. Kila Aprili NFL wana drafti, timu 32 zinachagua vijana wa vyuo raundi saba, na huku kwetu inaanza saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa, mke wangu ashazoea. Kamati ilipokaa nikawatolea mfano wa Jalen Carter. Huyo alikuwa anacheza ulinzi chuo cha Georgia na kuna watu walisema 2023 anaweza kuchaguliwa hata wa kwanza. Januari hiyo, masaa machache baada ya kusherehekea ubingwa, gari lililokuwa linashindana mbio na lake likapata ajali, wakafa watu wawili, mchezaji mwenzake na mfanyakazi wa timu. Akashtakiwa kuendesha ovyo na kushindana barabarani, hakupinga, akapewa miezi 12 ya probesheni, faini dola 1,000 na saa 80 za kazi ya jamii. Philadelphia Eagles wakamchukua namba 9 kwa drafti na Februari 2025 akashinda nao Super Bowl, ile fainali ya NFL.

Kama hao wenye mamilioni wanachukua, sisi wa kuchangishana pesa ya mipira tunakataa kwa nini? Nisaidieni kufikiria, Jumapili tunakaa tena.

---

Nax_58

Katibu salamu kutoka Nakuru. Mimi pia ni wa kukesha na drafti, na nakuambia umechukua mfano wenye unakufaa ukaacha mingine yote kwa meza.

Angalia 2015. La'el Collins wa chuo cha LSU alikuwa anatarajiwa raundi ya kwanza. Wiki hiyo hiyo mwanamke aliyekuwa mpenzi wake zamani akauawa, polisi wakasema wanataka kuongea na Collins, na wakasema wazi si mshukiwa. Siku tatu majina 256 yakasomwa na lake halikusomwa, timu ya Cowboys wakamchukua baada ya drafti kama mtu ameokotwa. Sasa ruka mwaka mmoja mbele. 2016 Kansas City Chiefs wakamchagua Tyreek Hill raundi ya tano, namba 165, mtu alikuwa amekubali kosa mbele ya hakimu la kupiga na kukaba koo mpenzi wake mwenye alikuwa na mimba. Mwenye hakuwa hata mshukiwa alikosa drafti nzima, mwenye amekiri akachaguliwa. Na Hill akawa moto, msimu wa kwanza tu alienda Pro Bowl, ile mechi ya nyota wa ligi, kisha Super Bowl ya 2020 akashinda.

Ama Joe Mixon. Alimpiga msichana ngumi 2014 akiwa Oklahoma, chuo kikamfungia msimu mzima, kila mtu kwa futiboli alijua. Lakini makelele yenyewe yalikuja Desemba 2016 video ilipotolewa. Ngumi ni ile ile bana, ni vile watu sasa wameiona. NFL hawakumwalika hata kwa ile kambi yao ya vipimo, na bado timu ya Bengals wakamchukua namba 48.

Kwa hivyo usiniambie wale wanapima kosa. Wanapima mambo mawili: huyu anacheza aje, na sisi tutatukanwa kiasi gani na kwa muda gani. Kipaji kikiwa kikubwa matusi yanavumilika. Sasa kamati yako ikisema tufanye kama Wamarekani ijue hio ndio mizani inaazima.

---

Chenga_Tupu

Mchukue. Hajahukumiwa. Hapa kwetu mtu akigombana na jirani tu ako kortini, tungekuwa tunangoja wasafi hakuna timu ingefika watu kumi na moja.

---

DadaWaBukhungu (Kakamega)

Mulembe wote. Nimesoma swali na majibu yote na hakuna mtu ameuliza kitu cha kwanza kabisa. "Kesi ya kupiga mtu". Mtu gani? Alipiga nani, wapi, na huyo mtu yuko wapi sai? Katibu umetueleza mguu wake wa kushoto vizuri sana.

---

Nyanza_Usiku

Dada, ni msichana mwenye walikuwa pamoja zamani. Wanasema waligombana usiku akamsukuma na kumpiga, akaumia mkono, akaenda hospitali na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, ikajazwa. Kijana anasema hakumpiga, alikuwa anajitoa. Mimi sikuwepo.

Ingine ambayo sikuwa nimeweka, huyo msichana anauza chapo na chai karibu na uwanja wetu wa mazoezi. Wachezaji wetu ndio wateja wake.

---

Karani_Mstaafu

Nimefanya kazi kortini maisha yangu mengi, si Winam, kwingine, kwa hivyo nitaongea ya sheria tu na mpira niwaachie wenyewe.

Kwanza Chenga_Tupu yuko sawa kwa nusu. Katiba kifungu cha 50 kinasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe, na bondi ni haki yake chini ya kifungu cha 49 isipokuwa kuwe na sababu nzito. Hakuna sheria inamkataza kucheza mpira akiwa na kesi. Lakini hio ni kinga yake dhidi ya serikali, haikulazimishi wewe umpe jezi. Hayo ni mambo mawili na watu huyachanganya kila siku.

Pili, uliza karatasi ya mashtaka imeandika kifungu gani. Kama ni 251 cha kanuni ya adhabu, yaani kupiga na kuumiza, kifungo ni mpaka miaka mitano. Kama ni 234, kudhuru vibaya, hapo ni mpaka maisha. Watu husema "kesi ya kupigana" kama ni kitu kimoja, sasa wewe kama katibu enda na macho yako uone.

Tatu, kalenda. Kesi ya aina hii haiishi haraka vile kijana anawaambia. Itatajwa, itaahirishwa, shahidi hajakuja, daktari mwenye alijaza P3 amehamishwa, faili haionekani, na kila siku ya kutajwa lazima awe pale, akikosa hakimu anatoa hati ya kumkamata. Kwa hivyo hata ukiacha mambo ya utu kando kabisa, unasajili winga mwenye korti inaweza kumuita wakati wowote.

Nne, mambo ya kumalizana. Kwa kesi ndogo za watu wawili sheria inaruhusu korti kuhimiza mapatano, na mlalamishi akitaka kuondoa ataeleza hakimu sababu, na hakimu anaweza kukataa. Ingekuwa ya ngono hapo hata msiwaze, Sheria ya 2006 imempa mkurugenzi wa mashtaka uamuzi wa kuiondoa, si familia chini ya mti.

---

Chenga_Tupu

Sasa kama kijana anasema hakupiga, na korti haijasema, si nyinyi ndio mmeshamhukumu hapa? Nax, na yule wa Raiders?

---

Nax_58

Gareon Conley unamaanisha. Ndio, huyo ni mfano mzuri wa upande wako na sitauficha. 2017, siku chache kabla ya drafti akashutumiwa ubakaji, Raiders wakafanya uchunguzi wao haraka, wakamchukua namba 24, na Julai jopo la raia Cleveland likakataa kumshtaki. Timu zenye zilimwogopa hazikuwa zimejua kitu kuliko Raiders, ziliogopa tu.

Lakini omera, soma hapo tena. Walifanya uchunguzi WAO. Timu za NFL zinaajiri watu, wengine walikuwa polisi, kazi yao ni kuongea na kocha wa sekondari, mwalimu, jirani, mpaka mwenye nyumba. Na hata na hayo yote bado wanaanguka vibaya. 1996 Rams walimchukua Lawrence Phillips namba 6, kijana alikuwa ameshampiga mpenzi wake wa zamani akiwa Nebraska na kila mtu anajua. Kumfanyia nafasi wakamuuza Jerome Bettis kwa Steelers siku hiyo hiyo. Kabla msimu wa pili uishe Phillips wameshamfukuza. Alikufa gerezani 2016. Bettis ameingia ukumbi wa magwiji. Sasa hasara ya Rams si ile namba sita tu, ni mtu mzima mtulivu mwenye walimtoa ili huyu aingie.

Katibu, nani atatoka ndio winga aingie? Kuna kijana fulani hapo kwenu anakuja mazoezi kila jioni na hajawahi kufika kituo cha polisi. Ongea na huyo pia.

---

Beki_wa_Zamani (Bungoma)

Nilicheza, si juu sana, lakini nilicheza na mtu wa aina hii. Alikuwa fundi. Kila wiki tulikuwa tunaomba mtu atutunzie siri fulani, polisi watuache, mwenye baa asamehe kiti, na mwisho wa msimu kikosi kizima kilikuwa kinafanya kazi ya kumlinda mtu mmoja. Sijui kama tungeshinda bila yeye. Najua hatukushinda naye.

Lakini sitaki pia kijana wa miaka 20 atupwe. Akikosa timu atakuwa na jioni zote bure na marafiki wale wale. Hapo ndio natofautiana na mweka hazina. Mimi ningesema aje afanye mazoezi, jezi ya mechi angoje.

---

DadaWaBukhungu

Aje mazoezi wapi Beki? Kando ya jiko la huyo msichana? Hapa ndio NFL yenu inaniishia. Kule mchezaji anachaguliwa na timu ya mji mwingine, maili mia nyingi, aliyepigwa anamwona kwa runinga na anaweza kuzima. Huku aliyepigwa anapanga vikombe mita hamsini kutoka kwa kona, na kijana akifunga goli nyinyi wote mtapiga makelele jina lake na mmeshika chapo ya msichana mkononi. Mkimsajili, mnamwambia yeye ahame. Hakuna mtu atasema hivyo kwa kikao lakini ndio itakuwa, na biashara yake ni hio.

Na hii ya kumpata bure, mtu akikuuzia ng'ombe wa maziwa nusu bei huanzi kuchekelea, unauliza huko alikotoka alifanya nini. Mmepigia simu timu yake ya kwanza?

---

Nyanza_Usiku

Hatujapiga. Kocha alisema wao ni wivu tu.

Nimeelewa Dada. Kuhusu mahali pa mazoezi kuna uwezekano wa uwanja wa shule upande mwingine, lakini jioni wanafunzi wanautumia. Mimi nilikuwa nafikiria hivi: mimi na kocha tuende kwa huyo msichana pole pole, tumuulize kama akituona tukiwa na kijana ana shida, ama kama wanaweza kuelewana, hata timu ichange kitu cha hospitali. Hapo si tutakuwa tumemheshimu?

---

Karani_Mstaafu

HAPANA. Katibu simama hapo hapo. Huyo msichana ni mlalamishi na ni shahidi namba moja wa serikali. Karibu kila bondi ya kesi kama hii ina sharti asisumbue mashahidi, yeye mwenyewe ama kwa kutuma watu. Wewe na kocha mkienda na bahasha ya "hospitali", upande wa mashtaka utasema mshtakiwa ametuma watu kununua shahidi, bondi inafutwa na kijana anangojea kesi ndani. Na nyinyi wawili mnaweza kujikuta mnaandika taarifa. Nia nzuri haionekani kwa faili.

Kama kuna kitu cha kuongea, wakili wa kijana aongee na kiongozi wa mashtaka. Hana wakili, basi aombe mwenyewe mbele ya hakimu.

---

DadaWaBukhungu

Na chai mwendelee kununua kama kawaida. Msianze kumkwepa.

---

Chenga_Tupu

Sawa, nimesikia ya chai na ya bahasha. Lakini bado sijajibiwa: akiachiliwa na korti mwakani, mtamsajili?

---

Beki_wa_Zamani (Bungoma)

Akiachiliwa mimi namchukua asubuhi hiyo hiyo. Dada najua utakataa.

---

DadaWaBukhungu

Sikatai. Nauliza tu mtafanyia mazoezi upande gani.

---

Nyanza_Usiku

Jumapili nitapeleka hivi: karatasi ya mashtaka ionekane kwanza, timu yake ya zamani ipigiwe simu na mimi si kocha, na jezi hapana mpaka hayo mawili yafanyike. Dirisha la usajili likifungwa kabla basi limefungwa. Kocha atanuna. Nax, yule kijana wa mazoezi kila jioni ulikisia tu ama kuna mtu amekuambia? Kwa sababu yupo, na anacheza winga ya kushoto.